Feni ya Wifi

Mpakato huitwa mpakato kwa sababu hupakatwa. Kamusi aliwaambia watu hivyo kila waliposema laptopu mbele yake, nao walishazoea kumwacha aseme mpaka achoke. Unauweka mapajani kama mtoto, unaandika zako. Lakini kwa wiki kadhaa sasa mpakato wake ulikuwa mtoto mwenye homa. Ukiupakata, mwenyewe unaruka kwa moto. Ukiuweka mezani, haupiti muda meza nayo inashika moto, feni inaanza kukwaruza kama mtu anayebandua ukoko wa sufuria kwa kijiko, halafu kioo kinakuwa cheusi na kazi yote inakwenda na maji.

Jina la Kamusi alipewa na kaka yake wakiwa bado wanalala chumba kimoja, siku alipomsahihisha mgeni aliyekuja kuposa kwa majirani. Mgeni alisema "mkono langu." Kamusi alikuwa binti mdogo mwenye pengo la meno ya mbele, lakini hakuvumilia. Kaka alicheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo hakumwita jina jingine. Sasa Kamusi alikuwa na stashahada ya tafsiri na ukalimani, imewekwa kwenye fremu sebuleni kwa mama yao, na ndugu waliokuwa wakimcheka walikuwa wakimletea barua zao za kuomba kazi awanyooshee.

Asubuhi hiyo alikaa kwenye meza yake ya dirishani, katika chumba alichopanga, akiwa na bisibisi ndogo mkononi na moyo juu juu. Kesho yake saa nane mchana alikuwa na mtihani. Kampuni ya ukalimani ilitaka watu wa kufanya kazi wakiwa nyumbani: unavaa spika za masikioni, mtu anazungumza lugha yake huko aliko, nawe unayatoa maneno yake kwa Kiswahili papo hapo, saa nzima bila kuomba maji. Mara ya kwanza alipoufanya, alikuwa akipaa. Daktari mmoja alieleza maradhi ya figo, na Kamusi akamfuata unyounyo, neno kwa neno, hadi akaanza kuyapenda hayo maradhi. Kisha mpakato ukazima. Alijikuta akiendelea kuusimulia ukuta habari za figo.

Kampuni ilimwandikia kwa adabu kwamba sauti yake nzuri, lugha yake safi, wanampa nafasi ya pili, ambayo ndiyo ya mwisho, na tafadhali ahakikishe vifaa vyake viko sawa.

Vifaa. Angefanya nini ambacho hakuwa amekifanya? Alifuta picha zote. Alifunga kila kilichokuwa wazi. Alijaribu kufanyia kazi kwenye duka la intaneti la barabarani, akakuta vijana watatu wanacheza mpira wa kwenye kompyuta na kutukanana mama zao kila linapofungwa bao. Alimwomba kaka yake amwazimie mpakato wa mkewe kwa saa moja tu, na kaka akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Wifi yako unamjua, Kamusi. Ukigusa kitu chake nyumba haikaliki."

Kamusi hakuwa akimjua wifi yake hivyo, lakini mtu akisema habari za mkewe mwenyewe utabishana naye vipi? Tangu siku hiyo akawa anamsalimia wifi kwa ufupi, salamu ya mlangoni, na akikaribishwa ndani ana haraka.

Kaka, kwa upande wake, hakumtupa. Alikuja mwenyewe hadi chumbani kwake baada ya mtihani ule kuharibika, akamkuta amevimba macho. Alitoa mfukoni vizibo vinne vya soda, akaviweka chini ya mpakato, kimoja kila pembe, ili hewa ipite. Akainama, akaweka mdomo kwenye matundu ya ubavuni na kupuliza, fuu, fuu, mashavu yamemjaa kama mpiga tarumbeta.

"Tatizo lako unaufungulia mambo mengi kwa mpigo," alisema akijifuta midomo. "Mashine ni kama mtu. Unaichosha."

"Nitajitahidi nisiichoshe."

"Ndiyo mdogo wangu huyo."

Akamshika bega. Kamusi alilala siku hiyo akimshukuru Mungu kwa kumpa kaka.

Ni kaka huyo huyo aliyeununua mpakato. Alipopandishwa cheo kazini aliingia dukani akatoka na miwili, pacha, rangi moja, umbo moja: mmoja wa mkewe anayechora ramani za nyumba, mmoja wa mdogo wake aliyekuwa akimalizia masomo. Na ni yeye aliyejitolea, kabla homa haijaanza, kuipeleka yote miwili kwa fundi. "Nampelekea wifi yako wake, leta na wako ukaoshwe feni," alisema. Wake ulirudi unang'aa, kifuniko kimefutwa kwa dawa. Kamusi alimtumia ujumbe mrefu wa shukrani, wenye koma na nukta zote mahali pake. Homa ilipoanza siku chache baadaye, alidhani ni uzee wa mashine.

Hapa inabidi kueleza ugomvi wa Kamusi na neno wifi. Kwake yeye, wifi ni mke wa kaka au dada wa mume, basi, mlango umefungwa. Mtandao usio na waya una majina yake, ayatumie anayejiheshimu. Kaka alilijua hilo na alilichokonoa kila walipokaa pamoja. Mkewe akiwa amenyamaza mezani, kaka atainua simu yake juu kama anayetafuta mawimbi.

"Jamani, leo wifi imekata."

"Wifi amekata," Kamusi angesema. "Ni mtu. A, si i."

"Imekata kabisa. Nadhani ni mawingu."

Na wifi, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, angemtupia kitambaa cha kufutia vyombo, na wote watatu wakacheka. Zilikuwa siku njema hizo. Kamusi alizikumbuka wakati akifungua skrubu ya kwanza.

Alikuwa ametazama video ya mtu mmoja anayeeleza taratibu, mikono tu ndiyo inayoonekana, na akairudia mpaka akaijua kama dua. Zima. Chomoa chaja. Geuza. Kila skrubu aliiweka kwenye kisahani kwa mpangilio ule ule ilivyokaa mgongoni, ili asije akajikuta na skrubu isiyo na kwao. Kisha akapitisha kadi ya zamani ya maktaba kwenye ufa, pole pole, tak, tak, tak, kifuniko kikaachia.

Alitarajia kukuta vumbi. Mtu wa kwenye video alikuta vumbi la kujazia mto. Lakini ndani mwa mpakato wa Kamusi mlikuwa safi kama sahani ya mgeni. Kwa hiyo si uchafu. Akasogea karibu zaidi, akaisukuma feni kwa ncha ya kidole. Ilizunguka nusu, ikayumba, ikagusa ukuta wa nyumba yake, kwar, ikasimama. Mhimili wake ulikuwa umelegea. Panga moja lilikuwa na pengo. Na kwenye ukingo, chini ya mapanga, kulikuwa na doa la kahawia lililokauka na kunata. Aliligusa, akanusa kidole. Chai. Chai yenye sukari nyingi.

Akakunja uso. Kamusi hakuwahi kunywa kitu karibu na mpakato wake. Hata maji alikuwa akiyanywea mlangoni, amesimama, kama anayeogopa kukamatwa.

Ndipo alipokiona kipande cha tepu ya karatasi kilichobandikwa juu ya feni. Kwa kalamu ya bluu, kwa herufi kubwa, kiliandikwa: WIFI.

Cheko likamponyoka. Fundi gani huyu asiyejua feni na mtandao? Kadi ya mtandao ilikuwa kule pembeni, ndogo, na nyaya zake mbili nyembamba, video ilimwonyesha. Neno lenyewe lilikuwa limekaa peke yake juu ya tepu, halina kitenzi cha kulisaidia, hakuna a wala i, na Kamusi, mlinzi wa mlango, akalisoma kwa maana ile ile aliyoipigia kelele miaka yote. Hakustuka hata kidogo. Alilipiga picha, akamtumia fundi pamoja na maneno: "Fundi, hii ni feni au ni mtandao? Naomba majibu, nina haraka."

Fundi akapiga simu badala ya kuandika.

"Habari za asubuhi, dada."

"Nzuri, fundi. Picha umeiona?"

"Nimeiona. Hiyo ni feni."

"Najua ni feni, ndiyo nakuuliza. Mbona umeiandika wifi? Wifi si ile kadi ya kule pembeni?"

Fundi akacheka. Nyuma yake kulisikika redio na mtu akigonga kitu.

"Hapana, dada. Siyo wifi ya mtandao. Wifi wifi. Wifi yako."

Kamusi akaweka bisibisi chini.

"Sema tena."

"Mke wa kaka yako. Zile mashine zenu zinafanana kama mapacha, na zilikuwa mezani kwangu zote zimefunguliwa. Nikaogopa nisije nikachanganya. Nikabandika tepu kwenye feni, yako nikaandika Dada, ya mkewe nikaandika Wifi. Kaka yako alikuwa amesimama hapo hapo, yeye ndiye aliyenionyesha ipi ya nani."

"Sasa feni ya wifi inafanya nini ndani ya mpakato wangu?"

"Si mlikubaliana?"

Redio kule kwa fundi ilipiga tangazo la sabuni. Kamusi alilisikiliza hadi mwisho.

"Dada? Upo?"

"Nipo. Tulikubaliana nini, fundi?"

Sauti ya fundi ikashuka. "Ile ya mkewe iliingia chai. Nikamwambia feni mpya ya aina hii ni ya kuagiza, asubiri. Akasema hawezi kusubiri, nitoe nzima kwenye yako niiweke kwenye ya mkewe, na hiyo mbovu nikuwekee wewe kwa muda. Alisema hutumii sana. Mimi nikamuuliza, dada ana habari? Maana mashine ni ya mtu. Akaniambia, usiwe na wasiwasi, dada ni mtu wangu, nimeshaongea naye."

"Dada ni mtu wangu."

"Ndivyo alivyosema." Redio kule ikapunguzwa. "Kwani hakuongea na wewe?"

Kamusi alimwambia asante, fundi, kazi njema, akakata. Alikuwa na adabu hata hapo.

Vizibo vinne vya soda vilikuwa bado mezani. Alivitazama. Kaka alivileta mfukoni kutoka kwake, amevichagua, havikupinda hata kimoja. Alivipanga akijua. Aliinama kwenye matundu yale akijua kilichomo ndani, akaweka mdomo na kupuliza. Chuoni Kamusi alifundishwa kwamba kuuma na kupuliza ni nahau, akapata alama zote kwa kuieleza. Alieleza vizuri. Hakujua tu kwamba siku moja ataisikia, fuu, fuu, kwenye meza yake mwenyewe.

Na bado angeweza kumeza hayo, kwa sababu mtu humeza mengi ya nduguye. Lakini alikumbuka macho yake yaliyovimba, na bega lake lililoshikwa, na lile "unaichosha." Mtihani wake umeungua, naye akakubali kuwa ameuchoma mwenyewe.

Akaifungua feni, skrubu tatu, akachomoa kiplagi chake, akaifunga kwenye leso pamoja na bisibisi na kutoka.

Nyumba ya kaka haikuwa mbali. Wifi alifungua mlango akiwa na penseli sikioni na rula ndefu mkononi.

"Wifi. Leo umepotea njia?"

"Naomba kuuona mpakato wako."

"Laptopu yangu?" Wifi akatabasamu kidogo, akimchokoza. "Ingia. Au leo tena una haraka?"

Kamusi aliingia. Mpakato ulikuwa kwenye meza ya chakula, umewashwa, ramani ya nyumba ya vyumba vinne imejaa kwenye kioo. Aliuwekea kiganja mgongoni. Ulikuwa na ubaridi wa chungu cha maji. Ndani yake feni ilikuwa ikivuma kwa sauti ndogo, laini, sauti aliyoifahamu. Alikuwa ameandika tasnifu yake yote akiisikia hiyo.

"Unafanya kazi vizuri," alisema.

"Sasa hivi, ndiyo. Ilinisumbua, kaka yako akaninunulia feni mpya. Nilimshukuru mbele ya wageni hadi akaona haya."

Kamusi akaifungua leso juu ya meza.

Wifi alitazama feni, akatazama tepu. Yeye hakupotea. Alilisoma jina lake kama mtu anavyosoma jina lake.

"Hii ni mimi," alisema.

"Ni wewe. Nimeikuta kwangu."

Alimsimulia yote, kwa mpangilio, kama alivyozipanga zile skrubu kwenye kisahani. Alipofika kwenye chai, wifi aliinua mkono.

"Chai gani?"

"Fundi amesema iliingia chai."

"Mimi niliambiwa ni umeme. Umeme ulicheza, ukaunguza." Wifi akavuta kiti, akakaa. "Siku ile alikuwa anatazama mpira kwenye mashine yangu. Nikasikia kelele ya goli, halafu kimya. Nikajua wamekataa goli." Akaikuna penseli kwa ukucha. "Kumbe chai."

"Nilimwomba aniazimie huu kwa mtihani wangu. Akasema wewe ukiguswa kitu chako nyumba haikaliki."

"Mimi?"

"Wewe."

"Hakuniambia hata neno. Aliniambia umeanza kujisikia tangu upate stashahada, ndiyo maana hukai ndani ya nyumba yangu." Wifi alimtazama sawasawa, kwa mara ya kwanza baada ya muda. "Ungekuja mwenyewe ukaniomba, ningekupa."

Mpakato ukavuma kati yao.

"Mtihani lini?" wifi akauliza.

"Kesho mchana."

"Ramani hii mteja anaitaka kesho asubuhi."

Wifi alivuta mpakato karibu, na Kamusi akadhani ameukumbatia. Kumbe alikuwa akihifadhi kazi yake. Akauzima, akachomoa chaja, akaugeuza tumbo juu.

"Fungua."

Kamusi alifungua. Mara ya pili mikono inajua njia. Kifuniko kilipotoka, tepu ilikuwa pale pale, juu ya feni nzima isiyo na doa, kwa kalamu ile ile ya bluu: DADA.

Kwa wiki zote zile jina lake lilikuwa ndani ya nyumba hii, likizunguka, likimpozea mtu mwingine mashine. Alichomoa kiplagi, skrubu tatu, akaishika kiganjani. Ilikuwa nyepesi. Nyepesi kuliko alivyodhani.

Kaka akaingia kula chakula cha mchana.

Alisimama mlangoni na funguo mkononi. Macho yake yalipita kwa mkewe, kwa mdogo wake, kwa mashine iliyopasuliwa, yakatua kwenye zile tepu mbili. Mtu mwingine angeuliza kuna nini. Yeye hakuuliza, na kwa kutouliza huko alikuwa ameshajibu.

"Ungenipigia simu kwanza," alimwambia Kamusi.

"Ningekuuliza nini?"

"Chochote. Tungeongea, mimi na wewe. Siyo unakuja huku unafungua vitu mbele ya mke wangu."

"Mke wako ndiye aliyesema fungua."

"Mpira ulikuwa mzuri?" wifi akauliza, sauti tambarare. "Ile siku ya umeme."

Kaka alivuta kiti karibu na Kamusi, akashusha sauti, ile sauti ya chumba kimoja, ya utotoni.

"Sikiliza, mdogo wangu. Ilikuwa ya muda tu. Mpya nimeshaagiza, fundi atakwambia. Lakini huyu angeniuliza maswali asubuhi mpaka jioni. Wewe huulizi. Nilijua wewe utanielewa hata bila kukwambia."

"Mtihani wangu uliungua."

"Sikujua kama utaungua."

"Ulipokuja na vizibo ulikuwa umeshajua."

Kaka aliziweka funguo mezani. "Nilikuwa nakusaidia," alisema.

Kamusi aliiweka feni yake kwenye leso, akaifunga fundo. Ile mbovu aliiacha mezani, karibu na bakuli la sukari, mahali pake. Mlangoni alisikia wifi akisema, bila kupandisha sauti, "Haya, tuanze na chai."

Mtihani ulikwenda. Hakuna cha kusimulia, na huo ndio uzuri wake. Safari hii msemaji alikuwa mwanasheria, akieleza habari za mipaka ya mashamba, na Kamusi alimfuata mpaka mwisho, na wakati fulani katikati alisahau kabisa kwamba kuna feni duniani. Mpakato ulibaki vuguvugu tu. Alipomaliza aliupakata, mikono yote miwili juu yake, akakaa hivyo kitambo. Ile tepu ya DADA hakuibandua. Siku chache baadaye kampuni iliandika kwamba aanze kazi mwanzo wa mwezi.

Jumapili mama yao alimwita. Kamusi alijua anaitiwa nini, kwa sababu mama hakusema njoo ule, alisema njoo tuongee. Alikuta kaka ameketi kwenye kochi la marehemu baba, wifi kwenye kiti cha pembeni, na stashahada yake ukutani juu ya vichwa vyao.

"Kaa, mwanangu," mama akasema. "Kaka yako ana jambo moyoni."

"Mimi sina neno," kaka akasema. "Nimeshamsamehe. Nataka tu aseme."

"Aseme nini?" Kamusi akauliza.

"Ona anavyoniuliza, mama."

Mama alikunja kanga yake magotini, akaikunjua. "Umemvunjia heshima mwenzio ndani ya nyumba yake. Umeingia na mabisibisi. Kosa lake amekosa, sikatai, lakini la ndugu huongelewa faraghani. Yeye ndiye aliyekununulia hiyo laptopu."

"Mpakato, mama," kaka alimrekebisha, akitafuta tabasamu la Kamusi kama zamani. Hakulipata.

"Na kazi umepata," akaendelea, sasa bila tabasamu. "Mwisho wa yote umepata. Sasa ugomvi uko wapi?"

"Ugomvi haupo. Ndiyo maana sikuja mpaka nilipoitwa."

"Wewe na lugha yako."

Kamusi akageukia kiti cha pembeni. Ramani ya wifi, mpakato wake ukiwa hauna feni, ilichelewa siku mbili, na yule mteja alimsema vibaya mbele ya wajenzi wake. Hilo alilijua. Lilikuwa likimkereketa tangu siku ile.

"Wifi, pole kwa ramani yako. Nilikukatiza kazi, na hukuwa na kosa."

"Asante," wifi akajibu. "Nimeshapoa."

Mama akapumua kwa nguvu, kama aliyeona mlango unafunguka. "Umeona ilivyo rahisi? Haya, na kaka yako."

"Kaka hana pole kwangu, mama. Pole ni ya aliyepatwa."

"Basi samahani. Neno moja tu. Wewe si ndiye Kamusi, maneno yote unayo?"

Kaka alikuwa amemkazia macho, amesogea mbele kwenye kochi, tayari kupokea. Alikuwa hata ameanza kulainisha uso, uso wa mtu anayejiandaa kusema haya yameisha, njoo hapa. Kamusi aliufahamu uso huo. Ndio ulioinama kwenye meza yake, mashavu yamejaa hewa.

Akasimama, akachukua mkoba wake.

"Ninayo yote, na hilo ninalo," alisema. "Simpi. Sikukosea kuchukua kilicho changu, na sikukosea kukichukua mbele ya aliyedanganywa pamoja na mimi. Siombi samahani, mama. Siombi leo nikiwa na moto, na nikishapoa sitaomba vilevile."